Cam Ward na Titans: je, kinda alipaswa kusugua benchi kwanza?

Swali la msomaji: "Shikamoo kocha. Mimi ni Mtanzania, naishi Nashville mwaka wa sita sasa, na Titans, timu ya hapa katika NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, wameniingia damuni. Msimu wa 2025 tulimchezesha Cam Ward tangu mechi ya kwanza. Tukashinda mechi tatu kati ya 17, kocha akatimuliwa katikati ya safari, na kijana akawa anaangushwa kila wiki. Shemeji yangu anasema tumemharibu, angekaa mwaka mzima nyuma ya mkongwe, kama alivyokaa Patrick Mahomes. Mimi nasema mtu hajifunzi kuogelea akiwa amekaa ufukweni. Nani kati yetu yuko sahihi? Na msimu ujao nitazame nini ili nijue kama kweli anakua?"

Marahaba, ndugu yangu. Wewe uko karibu zaidi na ukweli, ingawa sababu uliyoitoa siyo ninayoitegemea mimi. Shemeji yako naye anahisi jambo la kweli, kwamba kwotabeki kijana, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, anaweza kuharibiwa. Anapokosea ni kudhani kwamba dawa yake ni benchi.

Tuanze na huyo Mahomes, maana kila anayetaka kinda akae benchi humtaja yeye. Kansas City Chiefs walipomchukua mwaka 2017, nafasi ya 10 kwenye drafti (siku timu zinapochagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuo), hawakuwa wanajenga chochote upya. Msimu uliotangulia walishinda mechi 12. Kocha alikuwa Andy Reid. Travis Kelce na Tyreek Hill walikuwa wameshazoea kikosi. Mahomes alianza mechi moja tu mwaka ule, ya mwisho, kule Denver, wakati Chiefs wameshajihakikishia mtoano. Mwaka 2018 akakabidhiwa timu na akarusha pasi 50 za tachidauni, yaani za kufunga. Watu wameiga ule mwaka wa benchi. Nyumba aliyoikuta imeshajengwa hakuna anayeitaja.

Na mkongwe aliyekuwa mbele yake nani? Alex Smith. Kisa chake naomba ukisome taratibu, kwa sababu ndicho kinachokuhusu wewe na Titans. Smith alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2005 na San Francisco 49ers, timu iliyokuwa imebomoka. Msimu wa kwanza alirusha pasi moja ya tachidauni na pasi 11 zikanaswa na wapinzani. Kisha karibu kila mwaka akaletewa kocha mpya wa mashambulizi: Mike McCarthy, Norv Turner, Jim Hostler, Mike Martz, Jimmy Raye. Miaka ikapita, jiji zima likamwona ni hasara. Mwaka 2011 akaja kocha mkuu Jim Harbaugh, timu ile ikashinda mechi 13, na Smith akaonekana mchezaji mwingine kabisa. Mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba kwa mara ya kwanza alisimama kwenye ardhi isiyotikisika. Mtu huyo ndiye aliyemwacha Mahomes akae pembeni yake na kutazama jinsi anavyojiandaa kila wiki.

Sasa rudi Nashville. Ward angekaa nyuma ya nani? Will Levis alifanyiwa upasuaji wa bega kabla msimu haujaanza. Aliyebaki ni Brandon Allen, ambaye kazi yake kwa miaka mingi imekuwa ya akiba. Benchi lina maana pale ambapo aliyeko mbele ana kitu cha kuonyesha wiki baada ya wiki, na timu ina mechi za kushinda huku kinda akisubiri. Titans hawakuwa na hata kimoja.

Halafu kuna jambo ambalo sisi tuliokulia kwenye soka tunalisahau. Kwenye soka, kinda wa Simba au Azam anaweza kutolewa kwa mkopo, akacheze mechi 20 mkoani, arudi amekomaa. NFL haina mkopo, wala haina ligi ya akiba. Mazoezi ya wiki nayo ni machache, na karibu yote pamoja na kikosi cha kwanza huenda kwa kwotabeki anayecheza Jumapili. Wa pili hupewa kazi ya kuigiza mpinzani ajaye ili mabeki wa timu yake wajipime. Kwa hiyo kinda wa benchi hurusha mipira, lakini ndani ya mipango ya timu nyingine, kwa wapokeaji wa akiba. Wapo wanaokua hivyo. Aaron Rodgers alikaa miaka mitatu Green Bay nyuma ya Brett Favre, na Jordan Love naye akakaa mitatu nyuma ya Rodgers. Ila Green Bay ni klabu iliyopitisha miongo kadhaa bila kuwa na haraka, na Titans siyo Green Bay.

Pesa nayo inasukuma. Tangu mkataba wa ligi na wachezaji wa mwaka 2011, mshahara wa kinda unategemea nafasi aliyochaguliwa. Ward, wa kwanza katika drafti ya 2025, ana takriban dola milioni 49 kwa miaka minne. Dak Prescott wa Dallas alisaini mwaka 2024 mkataba wa wastani wa dola milioni 60 kwa kila mwaka. Kwenye ligi yenye kikomo cha mishahara, tofauti hiyo ndiyo inayonunua ukuta wa mbele, yaani walinzi wanaomkinga kwotabeki, na wapokeaji. Timu ikimweka kinda benchi mwaka mzima imeteketeza robo ya kipindi ambacho kwotabeki wake ni wa bei nafuu. Ndiyo maana mameneja wana haraka, na siwalaumu.

Lakini kumchezesha hakumaanishi kumtupa tu. Nikupe mifano miwili.

Peyton Manning, Indianapolis, 1998. Kinda, nafasi ya kwanza, timu inajengwa upya. Pasi 28 zilinaswa, rekodi ya makinda. Timu ilipoteza mechi 13. Mwaka uliofuata ikashinda 13. Mfano wa pili ni David Carr, Houston, 2002. Kinda, nafasi ya kwanza, klabu mpya kabisa inacheza msimu wake wa kwanza. Texans walikuwa wamemchukua Tony Boselli, mmoja wa walinzi bora wa pembeni wa zama zake, ili amlinde Carr upande wa kushoto. Mabega ya Boselli yakakataa, hakuwahi kuwachezea hata mechi moja. Carr akaangushwa mara 76 msimu ule, idadi ambayo hakuna kwotabeki mwingine aliyewahi kuifikia. Miaka mitano Houston, hakuwahi kuwa yule waliyemtarajia.

Manning, pamoja na makosa yake yote ya mwaka wa kwanza, aliangushwa mara 22 tu. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Pasi iliyonaswa ni ada ya shule: umeona vibaya, umelipa, kesho utaona vizuri. Kuangushwa kila wiki hakufundishi kitu. Kunamfundisha mwili wake kuogopa, na mwili ukishajua kuogopa haumsikilizi mwalimu.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Nafundisha makwotabeki wa shule ya sekondari hapa Minnesota, na miaka michache iliyopita nilikuwa na kijana mwenye mkono mzuri kuliko wote niliopata kuwafundisha. Ukuta wetu mwaka ule ulikuwa wa watoto wembamba, wawili hawakuwahi kucheza kabla. Baada ya mechi ya tano nilikuwa jikoni usiku narudia video, nikaisimamisha picha pale kijana anapomaliza kurudi nyuma na mpira. Mpokeaji wake yuko peke yake, hakuna mtu hata yadi nane karibu yake. Kijana hamwoni. Macho yake yako chini, anaangalia miguu ya anayemjia. Nikatazama michezo mingine 12, na kwenye tisa macho yalikuwa chini vile vile.

Msimu uliofuata tukapata ukuta imara. Unadhani macho yalipanda? Hayakupanda hadi Oktoba. Kila jioni baada ya mazoezi tulikuwa tunamsimamisha, watu wawili wanampiga na mito ya mazoezi mbavuni na mgongoni, na yeye anatakiwa atamke kwa sauti idadi ya vidole anavyoinua mwenzangu aliyesimama yadi 20 mbele. Tatu! Moja! Nne! Wiki ya kwanza alikuwa anakosea nusu nzima. Na huyo alikuwa ameangushwa na watoto wenzake, siyo na majitu ya kilo 120 yanayolipwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza shemeji yako ni hili: waliomzunguka walikuwa nani? Titans hawakukaa bure. Walimsajili Dan Moore kulinda upande wa kushoto, wakamleta mkongwe Kevin Zeitler katikati. Bado Ward aliangushwa zaidi ya mara 50. Calvin Ridley, mpokeaji wao mzoefu, alivunjika mguu Novemba, na kijana akabaki anawarushia makinda wenzake, Elic Ayomanor, Chimere Dike na Gunnar Helm, wote wamechaguliwa raundi ya nne ya drafti ile ile iliyomleta yeye. Kinda anamrushia kinda: wote wawili wanakisia. Mpokeaji akikata kona hatua moja mapema, pasi sahihi inaonekana mbovu, na wewe uliye jukwaani unamlaumu kwotabeki.

Lakini nitakuwa sikutendei haki nikiacha hili: sehemu ya kuangushwa kule ilikuwa ya Ward mwenyewe. Anapenda kushika mpira, anaamini atatoroka na kupata kitu kikubwa. Chuo kikuu alikuwa anatoroka kweli. Alianzia Incarnate Word, chuo kidogo kule Texas, ambako ndiko pekee walikomtaka, akaenda Washington State, kisha Miami, na kote mchezo uliovunjika mikononi mwake uligeuka dhahabu. NFL mabeki wa pembeni wana kasi kama yake. Kujua lini mchezo umekufa na kuutupa mpira nje ni elimu ya mwaka wa pili, na sioni ni wapi angeipata akiwa amekaa benchi.

Sasa nakuja kwenye kitu ninachokiona kizito kuliko ukuta, na watu wengi hawakihesabu: mwalimu.

Fikiria kinachotokea kati ya mchezo mmoja na mwingine. Saa inahesabu sekunde 40. Kocha anamsomea Ward mpango kupitia redio iliyomo kwenye kofia, na redio hiyo inakatika saa ikifika sekunde 15. Mpango wenyewe ni mlolongo wa maneno kumi au zaidi: nani anasimama wapi, nani anahama, ukuta unaegemea upande gani, kila mpokeaji anakimbia njia ipi. Anapaswa kuuelewa, kuurudia kwa wenzake kumi bila kuruka neno, kuwapanga, kuinua macho kuwatazama mabeki, kugundua kama kuna anayejificha ili aje kwa kasi, na kuubadilisha mpango kama lazima. Mkongwe hayafikirii maneno yale, kama wewe usivyofikiria Kiswahili. Kinda anayatafsiri kichwani, na sekunde anazotumia kutafsiri ndizo alizotakiwa kuwatazama mabeki.

Ukimbadilishia kocha, umembadilishia lugha. Njia ile ile inaitwa jina jingine, namba ile ile ina maana nyingine. Na Ward mwaka wake wa kwanza ameyapitia hayo: kocha mkuu Brian Callahan alianza kupanga michezo mwenyewe, baada ya mechi tatu akamkabidhi Bo Hardegree, na baada ya mechi sita, ushindi mmoja na vichapo vitano, kibarua chake Callahan kikaota nyasi. Mike McCoy akashika timu hadi mwisho. Kijana wa mwaka wa kwanza!

Ndiyo maana habari iliyonifurahisha zaidi kuhusu Titans siyo Robert Saleh kuwa kocha mkuu, ingawa ni mtu wa heshima. Ni Brian Daboll kupewa mashambulizi. Daboll ndiye aliyekuwa na Josh Allen kule Buffalo kuanzia 2018 hadi 2021, na sijui mfano bora zaidi wa kumkuza kinda huku nyumba inajengwa. Allen mwaka 2018 alikamilisha asilimia 52.8 tu ya pasi zake, na wachambuzi walisema usahihi haufundishiki. Buffalo walifanya nini? Mwaka 2019 wakamsajili Mitch Morse awe senta, mtu wa katikati ya ukuta anayeuanzisha mpira, na wapokeaji wawili, John Brown wa kukimbia mbali na Cole Beasley wa kupokea karibu. Asilimia ikapanda hadi 58.8. Mwaka 2020 wakamleta Stefon Diggs. Ikawa 69.2, na timu ikashinda mechi 13. Miaka yote hiyo kocha wa mashambulizi ni yule yule, lugha ni ile ile. Na Daboll alipoondoka mwaka 2022, Buffalo hawakumtafuta mgeni. Walimpandisha Ken Dorsey aliyekuwa mle mle ndani, na baadaye Joe Brady, naye wa mle mle. Allen hakuanza darasa la kwanza upya.

Hofu yangu kwa Titans ndiyo hiyo. Ward akifanya vizuri, klabu nyingine zitamtaka Daboll awe kocha mkuu tena. Uongozi wenye akili utaanza leo kumwandaa msaidizi atakayebaki na lugha hiyo.

Mwambie pia shemeji yako atazame Chicago. Caleb Williams, nafasi ya kwanza 2024, aliangushwa mara 68. Kocha wa mashambulizi alitimuliwa Novemba, na kocha mkuu akafuata kabla mwezi haujaisha. Timu ilishinda mechi tano. Watu walisema yale yale anayosema shemeji. Mwaka 2025 wakamleta kocha mkuu Ben Johnson, na kabla ya kufanya makubwa mengine wakabadilisha katikati yote ya ukuta: Joe Thuney, Drew Dalman, Jonah Jackson. Williams akaangushwa mara 24. Ushindi ukawa 11.

Na hata aliyeharibika huweza kupona. Sam Darnold alitupwa na Jets, akatupwa na Carolina, akaketi benchi San Francisco, kisha akashinda mechi 14 na Minnesota mwaka 2024. Hapa Minnesota nilishuhudia watu waliomcheka mwezi wa nane wakivaa jezi yake mwezi wa kumi na mbili. Februari 2026 akachukua Super Bowl, fainali ya ligi, na Seattle, akimfunga Drake Maye wa New England, kinda wa 2024 aliyeanza kwa kukaa benchi mechi tano, kisha akaingia timu ikiwa bado dhaifu na ikamaliza na ushindi mara nne tu. Mwaka mmoja baadaye, na kocha mpya na ukuta mpya, yuko fainali. Darnold ilimchukua miaka minane kufika pale, Maye miwili, na wote walianza kwenye timu mbovu.

Umeniuliza utazame nini. Ukiwa uwanjani, mpira ukianza usiufuate. Mfuate Ward. Akirudi nyuma na mpira, tazama miguu: ikitulia mguu wa nyuma unapogusa chini na mpira ukatoka hapo hapo, amejua kabla. Ikicheza cheza, bado anatafuta. Kisha mtazame kwenye jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi, zikibaki yadi saba au nane, wakati kila mtu anajua atapasia. Kabla mpira haujaanza, je, ananyoosha mkono kumwonyesha senta anakotokea adui, au anasubiri senta ndiye amwambie? Mwaka wa kwanza mara nyingi senta ndiye huwa mwalimu. Mwaka wa pili mambo yageuke. Halafu hesabu mipira aliyoitupa nje kwa makusudi. Mashabiki huzomea mipira hiyo. Wewe ipigie makofi, maana kila mmoja ni mara moja ambayo hakuangushwa na bado timu ina mchezo mwingine. Pasi zikinaswa, uliza ilinaswa vipi: kumlenga mpokeaji sahihi na kuchelewa nusu sekunde ni kosa la mtu anayekua, kutomwona kabisa beki aliyesimama katikati ni kosa la mtu ambaye bado anatafsiri.

Matokeo ya mechi nne za kwanza yaache. Lugha ni mpya, na mwezi wa tisa atakuwa bado anatafsiri. Kuanzia mwezi wa kumi ndipo uanze kumdai.

Na mumpe muda gani? Kalenda ya mkataba imeshajibu. Msimu wa 2027 ukiisha, ligi inamruhusu kujadili mkataba mpya, na kufikia Mei 2028 Titans lazima waamue kama wanamlipia mwaka wa tano. Siku hiyo watakuwa na misimu mitatu mezani. Miwili ya mwisho, ikiwa na kocha mmoja na ukuta ule ule, itawaambia Ward ni nani. Ikiwa na makocha wawili, itawaambia habari za uongozi tu, na wewe na shemeji mtakuwa mnabishana jambo lile lile juu ya kinda mwingine.